Sifa za Kigeu Kisichoacha Urithi

Wengine wamesifu mafahali, wengine mashujaa wa vita. Mimi nakisifu kigeu, yaani jina linalobeba thamani ndani ya programu, kinachozaliwa katika hatua ya kwanza ya kujenga programu na kufariki kabla ya hatua ya pili kuanza. Naandika nikiwa Nyamache, chai pande zote, mahali ambapo intaneti huondoka mvua ikija. Kwa hiyo nina nafasi ya kusifu.

Kwa asiyeijua kazi hii: mwandishi wa programu huutuma msimbo wake kwenye seva, nayo seva huujenga, huupima na kuusambaza bila kushikwa mkono. Kwa kawaida kila hatua hufunguliwa kontena mpya, tupu, yaani chumba chake cha kazi ndani ya seva. Ukiandika `export TOLEO=1.4` wakati wa kujenga, neno lako litaheshimiwa hadi mstari wa mwisho wa hatua hiyo. Iulize hatua ya kupima TOLEO ni ngapi. Haitasema haijui. Itakupa utupu, kwa adabu zote.

Fadhila kuu ya kigeu hiki ni kutoacha urithi, na sisi wa Gusii tunajua urithi ni nini. Babu alikuwa na ekari kumi na wana watano. Kila mwana akapata mbili, akawagawia wanawe wanne. Leo mjukuu ana nusu ekari, migomba kadhaa na kesi mahakamani. Kigeu je? Kinazikwa na mali yake yote. Hakuna mpimaji wa kuitwa, hakuna anayeng'oa mti wa mpaka usiku, hakuna mke wa pili anayetokea siku ya mazishi akiwa ameshika watoto mikono. Hata kaburi halibaki, maana kontena imefutwa nalo. Mfumo endeshi wa Unix uliweka msingi wa ukoo huu tangu toleo lake la saba, mwaka 1979: mchakato wa mtoto hupewa nakala ya vigeu vya mzazi, lakini atakachobadilisha hakirudi nyumbani kamwe. Mtoto anaweza kununua magari kumi huko Nairobi; mzazi hataona hata tairi.

Fadhila nyingine nazitaja tu. Kigeu hakina kinyongo. Hakili rushwa. Hakiwezi kuitwa shahidi.

Unyenyekevu wake hufika mbali zaidi ndani ya GitLab, mojawapo ya huduma za kujenga programu hivi. Humo amri za `before_script` na za `script` huishi katika sheli moja, programu inayopokea amri (si ile ya petroli), ila `after_script` hufunguliwa sheli yake pekee. Kazi ni hiyo hiyo, jina ni hilo hilo, na bado hawajuani. Katika GitHub Actions, huduma nyingine ya aina hiyo, kila amri ya `run` ina sheli yake. Ukitaka neno likumbukwe, liandike katika faili la GITHUB_ENV.

Lakini jamani, kama hujui, si useme hujui! Utupu si jibu. Mapema mwaka 2015 ilijulikana kwamba skripti ya Steam, programu ya michezo ya kompyuta, kwenye Linux, kigeu chake STEAMROOT kikiwa kitupu, iligeuza amri ya kufuta folda moja kuwa amri ya kufuta kila kitu kuanzia mzizi wa diski. Mtumiaji mmoja aliripoti kwamba hata diski ya nje haikusalimika. Mashine haikuuliza. Iliona pengo, ikaendelea na kazi.

Hasira hii, nikisema kweli, haikuanzia kwenye sheli. Kuna ofisi moja, sitaitaja, yenye madirisha matatu. Kwenye la kwanza wanaichapa namba ya kitambulisho chako kwenye kompyuta. Kwenye la pili, ukutani pale pale, dada anauliza kwa upole, "Kitambulisho namba gani, mzee?" Kwenye la tatu wanataka kopi. Lakini mkulima wa chai ana namba moja, na kilo alizopima kituoni mwezi wa Machi humfuata mpaka siku ya bonasi. Kumbe inawezekana!

Mwaka 2019 tulipiga foleni tukatoa alama za vidole, tukiahidiwa na serikali kwamba Huduma Namba, namba mpya ya utambulisho, itakuwa chanzo kimoja cha ukweli. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha utoaji wa kadi zake kwa kuwa tathmini ya athari inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuwa imefanywa, na ilikuwa na haki. Mwaka 2023 ikaja Maisha Namba. Vidole ni vile vile. Kontena ni mpya.

Tiba ipo. Tangu 2020 GitLab huruhusu kazi moja iandike vigeu vyake katika faili dogo la dotenv, na kazi inayofuata hulipokea bila kusumbua mtu. Ofisini tiba ni hiyo hiyo, ila faili ni wewe: bahasha ya kaki, barua ya chifu, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, kila kimoja nakala mbili. Nje ya lango kijana wa mashine ya kopi anasomesha watoto kwa usahaulifu huu. Nilimuuliza kama haogopi mfumo mpya utamfungia kibanda. Alicheka, akaniuliza nataka upande mmoja ama pande zote mbili.