Chakula cha Nje

Nimearifiwa kwamba katika miji ya baridi huko Marekani, zama za Korona, wazazi walihojiana kwa ghadhabu iwapo ni busara au ni dhuluma kuwalisha watoto chakula cha mchana nje ya madarasa, ilhali theluji yawadondokea sahanini. Nami, niliyezaliwa Mugango, Tanzania, ambako upepo wa ziwa humtia mlaji mchanga kinywani bila kumtaka idhini, nilistaajabu kusikia kwamba kumbe kula nje ni tadbiri ya kitabibu.

Sisi, shule zetu zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni 2020, katikati ya kipupwe, tulikuwa tumekwisha kuitimiza tadbiri hiyo tangu zama za baba zetu, kwa sababu iliyo wazi: bwalo halijajengwa. Wazazi tulikutana chini ya mwembe, na hoja haikuwa baridi wala maradhi, bali ni nani hajaleta debe lake la mahindi. Ndipo mzee mmoja, mwenye deni la madebe mawili, akasimama kwa taadhima akauliza kama si hatari, kwa kuzingatia afya za wajukuu zetu, kuwakusanya wote penye sufuria moja ya makande.