Washuka Ili Wapande

Korongo la Verdon, kusini mwa Ufaransa, lina kuta za mawe ya chokaa zinazofikia mita 700 hivi. Ungedhani wakwea miamba huanzia chini. Thubutu! Wengi huegesha magari juu, kando ya barabara ya Route des Crêtes, wakajining'iniza kwa kamba hadi katikati ya ukuta, kisha wakaivuta kamba. Ikishavutwa, gari, chakula na heshima vyote viko juu. Kilichobaki ni kupanda.

Basi hupaka viganja unga mweupe, na vidole vya miguu huvikunja ndani ya viatu vya kubana ambavyo, dukani, mtu mwenye akili zake angevirudisha. Njia zinazopendwa zaidi zimesuguliwa na viatu hivyo mpaka zinang'aa. Kila mmoja analalamikia utelezi, na kila mmoja anauongeza.

Tumbusi, waliorudishwa korongoni mwaka 1999, huwapitia karibu kabisa. Hawana haraka.

Kule juu, mtalii mwenye kandambili ameegemea ukingo akila aiskrimu. Mandhari ni yaleyale, na kuyatazama ni bure.