Jinsi ya Kumtofautisha Mzee wa Mugumo na Mganga wa Kibango

Ukipanda hadi Kianjokoma, Embu, chai ikiwa kila upande na msitu wa Mlima Kenya mbele yako, huenda ukasikia mzee anayeheshimu mti wa mugumo akiitwa mchawi. Usigombane na msemaji. Mketishe, umpe chai, kisha umpitishe katika hatua hizi.

1. Hesabu watu. Sala ya mvua ya Waembu ilifanywa mchana: wazee wamekusanyika chini ya mugumo, mnyama wa rangi moja asiye na kilema yupo, na nyuso zimeelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, kwa Mungu, Ngai, ambaye pia huitwa Mwene Njeru. Mvua ikija, ilimnyeshea hata jirani mchoyo aliyekataa kuhudhuria. Ukikuta watu wawili tu, mlango umefungwa, na mmoja ameshika picha ya mke wa mtu, hapo hakuna ibada.

2. Sikiliza ombi. Mwenye dini huomba, akijua kwamba Mungu ana hiari ya kukataa. Mwenye hirizi huagiza: mpenzi arudi, kesi ife, mshindani afilisike, na yote kabla ya Ijumaa.

3. Usimhukumu mtu kwa sababu ya mbuzi. Mundu mugo, mganga wa jadi, naye alilipwa mbuzi. Alipiga ramli kwa kibuyu cha mbegu, akatibu kwa mitishamba na kuwatakasa waliovunja miiko. Adui yake alikuwa murogi, aliyedhuru watu kwa siri. Kuwaita wote wawili wachawi ni kumfunga askari pamoja na mwizi aliyemkamata.

4. Fungua vitabu. Mwaka 1938, Jomo Kenyatta, katika *Facing Mount Kenya*, aliipa dini ya Wagikuyu, majirani wa Waembu, sura yake, na uganga na tiba sura nyingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria dhidi ya uchawi mwaka 1925. Leo Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini na imani. Mzee wa mugumo yumo humo sawa na padri na imamu.

5. Tazama nguzo ya stima. Ukiona kibango cha mganga kutoka Tanga au Pemba, anayerudisha mapenzi na kuongeza utajiri, nambari ya simu ikiwa chini, umekutana na biashara. Mzee wa mugumo habandiki kibango, wala haombi utume pesa kwanza.

Mwanafunzi wako akimaliza hatua zote na bado aseme dini na uchawi ni mamoja, mwongezee chai, uanze upya kwa hatua ya kwanza. Nawe ukimpata mzee anayejua sala hizo, keti naye umuulize angali hai. Imani iliyowaombea mvua hata waliokataa kuja haistahili kuitwa uchawi.