Mamba Kifuani, Mfuko Mtupu

Nyumbani kwangu salamu zina bei. "Vipi, mzee" ni bure. "Shikamoo" ya kupita njia, macho yakiwa kwenye simu, ni nauli ya daladala na soda. Lakini kijana wangu akija sebuleni, akakaa kwanza, akapunguza sauti ya televisheni, akaniuliza mgongo unaendeleaje, ndipo akasema "Shikamoo, baba" kwa upole wote aliojaliwa, hapo najua tumeshafika laki tatu.

Ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na mguu wake ni namba 43. Hiyo 43 muishike, nitairudia. Laki tatu ni raba. Jozi moja. Nyeupe tupu, haina taa, haina betri, haipigi simu. Inaitwa Nike Air Force 1. Marekani inauzwa zaidi ya dola 100, na ikishapanda ndege, ikashuka, ikalipiwa ushuru, kisha ikaangukia mikononi mwa dada mmoja wa mtandaoni ambaye kila ukimuuliza bei anakwambia njoo DM, inakuwa na bei ya kutanguliza kwenye kiwanja cha Chanika.

"Kwani hizo raba zako zina nini?" nikamuuliza.

"Hazina kitu, baba. Ila si za kuvaa tuisheni."

Kwa ambao hawajafikisha watoto umri huo, nieleze. Shuleni mzazi amepumzika. Kuna sare: shati jeupe, suruali ya rangi moja, viatu vyeusi, mtoto wa mkurugenzi na mtoto wa muuza maandazi wamekaa dawati moja na huwezi kuwatofautisha. Namshukuru kila siku aliyebuni sare za shule, popote alipo. Tatizo ni likizo. Ikifika Juni au Desemba watoto wanakwenda tuisheni, na tuisheni wanavaa nguo za nyumbani. Mimi nilikuwa nalipa ada nikijua wanakwenda kusoma fizikia. Kumbe ni maonyesho ya mavazi, ambayo mwalimu wa fizikia huyakatiza mara mojamoja.

Halafu kulikuwa na lile suala la nyongeza. Mei Mosi ya 2025 Rais alipotangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, nilipiga makofi sebuleni peke yangu. Sikujua kwamba mlangoni kuna mtu mwingine anapiga hesabu. Mimi si wa kima cha chini, na kilichonifikia baada ya makato hakitoshi hata kisigino cha hiyo raba. Lakini mueleze mtoto aliyesikia "asilimia 35" kwa masikio yake kwenye taarifa ya habari. Sasa hivi nikisema sina hela ananitazama kama vile nimeficha mahali.

Nikaona nimpige kwa elimu. Nikamwambia: mwanangu, hiyo alama ya Nike unayoililia ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi mmoja wa Portland, Carolyn Davidson, na alilipwa dola 35. Thelathini na tano! Unataka mimi nilipe mara tatu ya hizo kwa ajili ya jozi moja iliyopigwa mhuri wa mchoro huohuo?

"Lakini baba," akasema taratibu, "baadaye walimpa hisa."

Mtoto huyu muhula uliopita alipata 31 ya hesabu. Historia ya hisa za Nike anaijua.

Tukahamia kwenye fulana. Fulana ninazomnunulia mimi zina kola, zina vifungo, na zinaziba tumbo. Hazitoshi. Anataka yenye mamba. Lacoste. Huyu Lacoste alikuwa Mfaransa mcheza tenisi, René, aliyebandikwa jina la utani la mamba, na mwaka 1933 akaanza kuuza mashati yenye mamba mdogo kifuani. Sina ugomvi naye, alitafuta riziki yake. Ila mke wangu ni mtu wa Rufiji. Ukoo wake wamekwepa mamba vizazi na vizazi: kufua kwa zamu, kuchota maji mmoja anachota mwingine anaangalia. Leo mjukuu wao anataka kulipa laki na nusu ili mamba amkae kifuani. Mjomba wake tulipompigia simu kumweleza alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mtoto ameshapelekwa hospitali.

Msaada niliutegemea kwa mama yangu mzazi, ambaye anakaa nasi. Nilijua ataniunga mkono, kwa sababu ndiye aliyetuvisha sisi: jora moja la kitambaa kila Krismasi, fundi mmoja, watoto wote suruali za rangi moja, zimeshonwa kubwa makusudi kwa maelezo kwamba "utakua nayo". Mimi ile ya darasa la nne niliifikia darasa la sita. Basi nikamwita, nikamwambia mama, hebu mwambie mjukuu wako.

Akaanza kumsimulia Operesheni Vijana. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU walitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 1969, hapa Dar es Salaam ni marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Vijana wa chama wakawa wanapita mitaani kukagua mapaja na miguu ya watu. Nikatikisa kichwa kwa kuridhika, nikijua mafunzo yanakuja. Bibi akaendelea: "Babu yako alikuwa na suruali moja ya kubana. Akaona kuliko kuivua, bora apite vichochoroni. Akapita vichochoroni mwaka mzima. Baadaye wote wakahamia kwenye bugaluu, chini pana kama mdomo wa tarumbeta, na viatu vya raizoni. Tena babu yako alikuwa mrefu, kwenye raizoni anainama kupita mlangoni." Kisha akanigeukia mimi. "Hili TANU walilishindwa. Wewe una nini?"

Akafungua pindo la khanga akampa mjukuu shilingi elfu kumi ya kuanzia.

Ikabidi twende sokoni. Jumamosi asubuhi, Kariakoo, Mtaa wa Kongo, ambako ukisimama kufikiri unasukumwa hadi duka linalofuata bila kupiga hatua. Huko Air Force nyeupe zimejaa kwenye vibanda, mpya, na boksi lake, elfu sitini. Nikaona Mungu si Athumani. Muuzaji akaapa: "Oji kabisa, mzee, hii gredi wani." Kijana wangu hakumjibu. Alichukua kiatu kimoja, akakigeuza tumbo juu, akahesabu nyuzi kwenye mshono wa kisigino, akafunua ulimi, akasoma namba ya ndani kwenye lebo, akaoanisha na namba iliyoko kwenye boksi, mwisho akainusa gundi kwa macho yaliyofumbwa. Akakirudisha kiatu mezani kwa adabu.

"Feki, baba."

Muuzaji akainamisha kichwa. Tunayo Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake mojawapo ni kusaka bidhaa bandia madukani na kuziteketeza. Nawashauri waje wachukue vijana wa tuisheni. Hawatahitaji maabara.

Tukavuka hadi Karume. Karume ni mitumba, na mitumba ina heshima yake katika nchi hii. Kizazi chetu kilivikwa na mitumba tangu Mzee Ruksa alipofungua milango, na wengi wetu tumefunga ndoa na makoti ambayo hatutawajua kamwe wenyewe. Tulifika robota zikifunguliwa. Kwenye turubai la tatu tukaiona: Air Force, namba 43, nyeupe, namba za ndani zimekaa sawa, gundi inanuka inavyotakiwa. Mkaguzi wangu akapitisha. Orijino isiyo na shaka, elfu arobaini, na nilikuwa na uhakika itashuka hadi thelathini na tano. Mkono ulikuwa mfukoni tayari.

"Lakini baba, hizi zimevaliwa."

Hapo ndipo palinipasua kichwa, na sijapona. Mpya ni feki. Ya kweli imevaliwa. Ya kweli na mpya iko DM, laki tatu. Na msidhani kuvaliwa ndiko kunakomkera, maana ni mtoto huyuhuyu aliyenionyesha kwenye simu yake viatu vya Balenciaga vya mwaka 2022, vimechanika mbele, vimechafuliwa kiwandani, kitambaa kimening'inia, bei dola 1,850. Vile alivisifia. Kwa hiyo kiatu kilichochakazwa na Mzungu kwa kutembea ni aibu, kilichochakazwa na Mzungu kwa mashine ni fasheni. Nilimweleza fundi viatu wetu wa pale kona. Aliacha kushona. Aliniuliza kama hao watu wana ofisi hapa Dar, kwa sababu yeye anavyo vya namna hiyo gunia zima, wateja hawajavifuata.

Usiku ule tulikaa na mama yake tukatoa uamuzi, na huu siuonei haya. Mimi nalipa elfu sitini ya viatu kila miezi sita. Hiyo ni bei ya kuzuia miguu isiguse lami. Zaidi ya hapo ni bei ya kutazamwa, na anayetaka kutazamwa aigharimie mwenyewe. Sikutoa hotuba, sikutaja watoto wanaotembea peku. Niliweka elfu sitini mezani. Mama yake akaongeza kwamba chaja ya simu ikipotea inakatwa humohumo.

Nilitegemea machozi. Badala yake kijana akachukua elfu sitini na ile elfu kumi ya bibi, Jumamosi iliyofuata akarudi Karume peke yake, akaja na jozi mbili za mitumba. Akazisugua na dawa ya meno na mswaki (wa mdogo wake, tuliligundua baadaye), akabadilisha kamba, akazianika kivulini, akazipiga picha juu ya marumaru ya jirani. Zikawekwa status. Hadi Jumatatu zilikuwa kwenye miguu ya watu, tuisheni. Wale wenzake ambao alikuwa hawezi kuonekana mbele yao na kiatu kilichovaliwa ndio walionunua. Nilipomuuliza kuhusu hilo aliniambia kwamba kiatu ambacho hujui kimetoka Karume hakijavaliwa.

Sasa nina mfanyabiashara ndani ya nyumba. Chumba kinanuka sabuni. Mimi mwenyewe nilinunua kwake mokasini moja ya kahawia, ngozi nzuri, ya Mtaliano fulani. "Wengine nawauzia arobaini, lakini kwa sababu ni wewe, thelathini na nane." Nikamwambia hizo zilianikwa kwenye kamba yangu, kwa maji ninayolipia mimi. Akasema bei ya maji ameshaiondoa, ndiyo hiyo elfu mbili.

Laki tatu aliifikisha, na Air Force akanunua, mpya, ya kweli, kutoka kwa yule dada wa DM. Mtashangaa: haivai. Mvua ikinyesha haivai kwa sababu ya tope, jua likiwaka haivai kwa sababu ya vumbi, na bodaboda ndiyo kabisa, pale kwenye bomba la moshi. Iko kwenye boksi juu ya kabati, imefungwa nailoni, na mgeni akija anaonyeshwa. Na mguu, ile 43 niliyowaambia, tangu mwezi uliopita unasoma 44.

Raba hiyo ameitangaza jana. Kwa hiyo ndugu msomaji, mwanao akirudi tuisheni akakwambia kuna rafiki yake anauza Air Force ambayo haijakanyaga chini, ni kweli. Ila usije kwangu kuomba punguzo wala stakabadhi. Muuzaji ana miaka 15, hana leseni, na hakopeshi hata baba yake.