Kununua Gitaa Lenye Makovu Ukiwa Masasi

Sharti la kwanza ni kuwa na pesa ya korosho, au shemeji aliye nayo. Minada ya vyama vya ushirika ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia benki, kuanzia Masasi hadi Newala kila kitu kinauzwa: bati, pikipiki, makochi, na lile gitaa la kale lililoning'inia miaka mingi kwenye stoo ya mzee mmoja pamoja na mifuko ya salfa. Hilo ndilo tunalolitafuta. Kifua chake kimebinuka, na badala ya tundu la duara lina mianya miwili yenye umbo la herufi f, kama fidla. Mtindo huo kampuni ya Gibson ya Marekani iliutoa mwaka 1922 kwenye gitaa lake la L-5, na baadaye Wajerumani wa Höfner na Framus wakatengeneza ya kwao.

Jiandae kusikiliza historia. Kila gitaa la aina hii kusini mwa Tanzania limepigwa na mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Usibishe. Mwenye mali atakwambia marehemu alilinunua Japani mwaka 1970, yeye na bendi yake ya Morogoro Jazz walipokwenda kupiga kwenye maonyesho ya Expo Osaka. Wewe soma maandishi ya kichwani yanayosema limetengenezwa Ujerumani, kisha tikisa kichwa kwa heshima. Mbaraka alifariki Januari 1979, akiwa na miaka 34. Kwa magitaa yote anayosemekana kuyaacha huku kwetu, sijui alipata wapi nafasi ya kuimba.

Sasa tuje kwenye makovu. Gitaa la kuogopa ni lile linalong'aa. Likiwa limepakwa upya vanishi ile ile ya mlango wa sebule, jua kuna kitu chini yake ambacho hakikutakiwa kuonekana. Gitaa la kuaminika lina mgongo uliochunika kwa kifungo cha mkanda wa suruali, doa la jasho pale mkono wa kulia ulipolala, na alama ya moto kichwani, ambako mpigaji alichomeka sigara kwenye ncha ya waya akasahau kwamba alikuwa anavuta. Kama lilikaa na salfa ya mikorosho, funguo za kukazia nyuzi zitakuwa nyeusi. Nyanyua uso kwa huzuni, sema, "Hii salfa imelimaliza, mzee," na bei ishuke. Usimwambie kwamba weusi huo unafutika kwa kitambaa.

Hapa kuna mtego ambao wauzaji wanaujua kuliko wanunuzi. Ubao hunywa unyevu. Masika ukishiba, huvimba na nyufa zikajifumba. Kiangazi ukikauka, hufunguka. Kwa hiyo Machi, mvua zikiwa bado zinapiga na mifuko ya watu ikiwa mitupu, gitaa ni la bei ya chee na halina hata ufa mmoja. Oktoba, jua likiwa limelichoma tangu Juni, ufa unauona ukiwa bado barabarani, na bei imepanda kwa sababu mwenyewe amesikia mnada ulivyokwenda. Ushauri wangu: likague Oktoba, ulinunue Machi. Katikati hapo usimwambie mtu, hasa yule mpwa wako anayepiga kinanda kanisani.

Wala usitegemee dhamana. Magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini yalibandikwa ndani karatasi ya kuhakikisha kwamba hayatapasuka. John Lennon alianzia na mojawapo, lakini Liverpool kuna kiangazi gani? Aliyeandika karatasi ile hakuwahi kufika Newala.

Siku ya ukaguzi mazungumzo yatakuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuangalia au kununua?"

"Kuangalia tu, mzee."

"Basi angalia kwa macho. Mikono ni ya wanunuzi."

Omba maji ya kunywa. Uwandani Newala maji hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, kwa hiyo hayatamiminwa haraka haraka, na wewe utapata dakika zako. Funga jicho moja, tazama shingo kutoka kichwani kushuka chini kama fundi seremala anayenunua ubao. Ikiwa imepinda, rudisha gitaa msumarini, unywe maji, uage. Ikiwa imenyooka, washa tochi ya simu, umulike ndani kupitia mwanya mmoja huku ukichungulia kwa mwingine. Ufa wa vanishi hauonekani ndani. Ufa wa ubao unaonekana. Unga laini kama wa muhogo maana yake kuna mdudu, na huyo mdudu hahami kwa sababu nyumba imepata mwenyewe mpya. Malizia kwa kugonga kifua taratibu kwa kifundo cha kidole. Kikijibu kwa mtetemo wa bati, ubavu wa ndani umebanduka. Hilo linatibika, mradi asiwe ametangulia kijana mwenye supagluu. Gundi ya zamani ya ngozi huachia kwa joto na mvuke, na kiungo kikafunguliwa bila kuumiza ubao. Supagluu haina mazungumzo.

Ukikuta limefungwa waya za breki ya baiskeli, usikasirike. Msifu mzee kwa ubunifu, kisha uzitoe mojamoja huku ukiweka nyuzi halisi, maana kile kigogo kinachobeba nyuzi hakikugundishwa. Kinasimama kwa kukandamizwa na nyuzi zenyewe. Ukizitoa zote kwa pamoja kitaanguka, na fundi mwema wa jirani atakirudisha popote panapompendeza, kwa misumari. Chora mstari wa penseli kwanza. Umbali kutoka mwanzo wa shingo hadi freti ya 12, na kutoka hapo hadi kwenye kigogo, uwe karibu sawa. La sivyo kila wimbo utaugua kuanzia katikati.

Kigogo kikiwa kimepotea, utashauriwa kuchonga cha mpingo, na wachongaji si wa kutafuta. Kubali, lakini mwambie mchongaji akifanye chembamba, kwani mpingo mzito hunyonya sauti. Mwambie pia, mapema na mbele ya shahidi, kwamba huhitaji sanamu ya shetani kichwani mwa gitaa.

Safari ya kurudi, usikubali lipandishwe kwenye keria ya basi. Jua la saa nane litafanya kwa gundi ile kazi ya mvuke. Kondakta atadai gitaa lilipiwe nauli ya abiria. Lipa, likae upande wa kivulini, na nyumbani wakikuuliza limegharimu kiasi gani, taja bei ya nyuzi.