Jinsi ya Kuzuru Pilgrim's Rest Bila Kuwakera Wenyeji Wako

Vaa viatu vya kutembelea. Pilgrim's Rest, huko Mpumalanga, Afrika Kusini, ni kimji kizima kilichogeuzwa makumbusho: dhahabu ilipokwisha kulipa, mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ya jimbo ilikinunua pamoja na mabati yake.

Anza kwa kumsifu Alec Patterson, aliyeiona dhahabu kijitoni mwaka 1873. Walimwita Patterson wa Toroli, maana mali yake yote aliisukuma humo. Usiulize bonde lilikuwa la nani kabla yake. Dhahabu, kama ujuavyo, huwa haipo mpaka ionwe na mtu mwenye toroli.

Halafu ingia Alanglade, nyumba ya meneja wa mgodi. Ukionyeshwa samani, guna kwa heshima. Swali la wachimbaji Waafrika walilala wapi likikupanda kooni, tazama dari.

Mpenda sarafu atasimuliwa kuhusu mwaka 1902, Makaburu walipobanwa na Waingereza wakagonga hapa pauni 986 za dhahabu kwa zana za karakana. Mtanzania usinyong'onyee. Mwaka 1916 Wajerumani nao waligonga Tabora, kwenye karakana ya reli, sarafu za rupia kumi na tano zaidi ya 16,000 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, tembo wetu akiwa mbele ya mlima. Tumewaacha mbali! Ukitaka kumwona tembo huyo, fuatilia minada ya Ulaya.

Kwenye machimbo utafundishwa kuchekecha mchanga kwa karai. Kama umetokea Geita, jifanye hujawahi kuliona; mwalimu asiaibike mbele ya wageni wengine. Kiu ikikushika, ingia baa ya Royal Hotel: ilikuwa kanisa dogo huko Lourenço Marques (Maputo ya leo), ikahamishiwa huku. Kunywa bila kupiga ishara ya msalaba.

Malizia makaburini, mlimani. Wafu wote wamelazwa upande mmoja isipokuwa mmoja, aliyelazwa akiwakatiza wenzake, na jiwe lake halina jina ila maneno "Kaburi la Mwizi". Yasemekana aliiba kwenye hema la mchimbaji mwenzake. Hapo sasa uko huru: uliza aliiba kiasi gani, alipeleka wapi, na nani alimruhusu.