Shibiri Moja ya Dhahabu

Ile video ya Tokyo ya Septemba 15, 2025 bila shaka umeiona. Alphonce Simbu wetu na Amanal Petros wa Ujerumani wanamalizia marathoni bega kwa bega, Petros anajirusha mstarini na kwenda chini mzima mzima, Simbu anapita. Wote wawili saa 2:09:48. Ikabidi kamera iamue: Simbu katangulia kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Mimi niliiangalia kwenye daladala, machozi yakanitoka, konda akadhani nimeibiwa.

Basi nikaamua kuichora.

Kwanza nikapiga hesabu. Kwa mwendo waliokuwa nao wale mabwana, sekunde 0.03 haizidi shibiri moja hivi, baada ya kilomita 42 na ushei. Kwenye karatasi yangu shibiri hiyo ikawa upana wa kidole gumba. Halafu kinachohesabiwa mstarini ni kiwiliwili. Kichwa, mikono na miguu hata vikitangulia havipewi kitu. Kwa hiyo kila nilipofuta kifua kwa raba nikakichora upya, medali ilihama. Asubuhi ile dhahabu ilikwenda Ujerumani na kurudi Singida kwa kina Simbu mpaka karatasi ikaanza kutoboka.

Mkao wa Petros nao ukanitesa. Mtu anayeanguka huku bado anakimbia, miguu yake haieleweki iko wapi. Nikawaita wanangu chumbani waigize, ukingo wa kitanda uwe mstari. Ugomvi ukaanza hapo hapo, maana hakuna aliyetaka kuwa Mjerumani. Mdogo alikubali kwa ahadi ya soda. Akarudi nyuma hadi koridoni, akaja mbio, akajirusha vizuri kabisa, kidevu juu, mikono mbele kama anadaka kuku, na chaga za kitanda zikaitika zote kwa pamoja.

Mama yao akatokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Baba Sele, hii nini?"

"Riadha."

Alikitazama kitanda, akautazama mwiko, akaondoka bila neno. Heri angesema.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa uso wa Simbu. Alipovuka mstari hakujua kama kashinda. Alijua alipoona jina lake limekaa juu kwenye skrini ya uwanja. Hapo ndipo video ile inaponikamata koo. Mtu anayeshangilia yeyote atamchora, unampa meno na mikono juu, basi. Lakini mtu aliyemaliza mbio zote zile na bado hajaambiwa kitu! Nyusi nilizipandisha, nikazishusha, mdomo nikauacha wazi kidogo. Nikaridhika. Mpaka leo naona ule ndio uso.

Jioni Mama Zuhura wa jirani alikuja kurudisha sufuria, akaiinua karatasi, akaikagua kwa utulivu.

"Huyu aliyesimama anadaiwa," akasema. "Na huyu wa chini ndiye mwenye hela yake, mbio zimemshinda."

"Hata mimi nimeona hivyo hivyo, shoga," mke wangu akadakia kutoka jikoni.

"Na mimi namdai baba soda," akasema mdogo. "Mbili. Kwa sababu nilianguka kweli."